“Kaka, Unasikia Sauti?” Siku 16 za Mume Wangu Wodini

Nilimpeleka hospitali kwa sababu wasiwasi ulikuwa unammaliza. Sikujua kwamba wodi yenyewe ingeuongeza, wala sikujua kwamba mimi mwenyewe ningeuchochea.

Swali lilikuwa rahisi tu. Daktari kijana wa zamu alikaa mbele ya mume wangu, faili mapajani, akauliza kwa upole kabisa, “Kaka, unasikia sauti?”

Mume wangu akafikiri kidogo. Yeye hajibu swali bila kulifikiria kwanza, hata ukimuuliza kama anataka chai.

“Ndiyo,” akasema.

“Moja au nyingi?”

“Nyingi.”

“Zinatoka wapi?”

“Moja inatoka kwenye taa. Nyingine inatoka ukutani.”

Daktari akaandika. Mimi nilikuwa pembeni, macho yamevimba kwa usiku wa tatu bila usingizi, sikufungua mdomo. Taa ile ndefu ya darini ilikuwa inavuma kweli. Na nyuma ya ukuta kulikuwa na jenereta. Kila mtu mle chumbani alikuwa anazisikia, ila sisi wengine tulishaacha kuzisikiliza.

Kwenye lugha yetu sauti ya mtu ni sauti, na sauti ya feni pia ni sauti. Daktari aliuliza kuhusu watu wasioonekana, mume wangu akajibu kuhusu umeme. Faili likaandikwa hivyo, na siku 16 za wodi ya magonjwa ya akili zikaanza.

Mpenzi msomaji, kwenye kurasa hizi nimeshaandika kuhusu wivu, mawifi, pesa na mambo ya chumbani. Hii ya leo imenichukua zaidi ya miaka miwili. Mume wangu ameisoma kabla yako. Amerekebisha namba mbili na kufuta aya moja, yaliyobaki ameyaruhusu. Hospitali siitaji, kwa sababu nia yangu siyo kumsema mtu. Nataka mwenzako akilazwa, wewe ujue nilichokuwa sikijui mimi.

TULIFIKAJE PALE

Tulioana mwaka 2019. Yeye ni mkadiriaji majenzi, na ofisini kwao wanasema akihesabu kitu, huna haja ya kurudia. Nyumbani alikuwa na mambo yake. Wali upande huu wa sahani, mboga upande ule, visigusane. Kwenye harusi za watu, nusu ya sherehe anaimalizia ndani ya gari. Mashoga zangu walisema anaringa. Mama mkwe alikuwa ananiambia, “Mwanangu, huyu ni mtulivu tangu mdogo.” Na kweli, akiongea na wakubwa anaangalia chini. Kwetu hiyo ni adabu. Nani angedhani ni kitu kingine?

Mwaka 2023 mambo matatu yakaja kwa mpigo. Mtoto wetu akazaliwa. Tukahama nyumba. Na ofisi yao ikahamia jengo jipya, ukumbi mmoja mkubwa usio na kuta, watu 40 wanaongea na simu kwa wakati mmoja. Kwanza likapotea tabasamu, halafu usingizi, halafu hamu ya kula. Mwisho yakapotea maneno. Alfajiri moja ya Alhamisi akaniambia polepole, kama mtu anayesoma orodha ya bei za saruji, kwamba hataki tena kuamka.

Sikungoja kukuche. Nilimpigia kaka yangu, tukampeleka.

Naomba niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: kumpeleka hospitali ilikuwa sahihi. Kama mwenzi wako atatamka maneno kama yale, mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri ushauri wa shangazi. Najua aibu ilivyo. Sisi ndio tuliochukua jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, tukaligeuza utani wa vijiweni. Achana na utani. Mume wangu yuko hai leo kwa sababu alilazwa.

Lakini jambo moja halizuii lingine. Wodi ilimlinda na kifo, na wodi hiyohiyo ilimtia hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

WODI KWA MASIKIO YAKE

Mimi nilidhani wodi ni mahali pa kupumzika. Miezi kadhaa baadaye, tukiwa mezani kwetu, akanieleza ilivyokuwa kwake.

Taa haikuzimwa usiku. Televisheni haikuzimwa mchana. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa chuma, na kila ulipofungwa aliusikia kwenye meno. Harufu ya dawa ya kudekia ilimkaa kooni mpaka jioni. Nguo za wodi zilikuwa na lebo shingoni iliyomkwaruza. Manesi walibadilishana zamu, sura mpya kila mara, na karibu wote walimwamsha kwa kumshika bega. Chakula kilikuja kimemwagiwa maharage juu ya wali. Siku nne alikula mkate na chai tu. Kwenye faili ikaandikwa: anakataa chakula.

“Wewe kelele zinakujia kwa foleni,” aliniambia. “Mimi zinaingia zote pamoja kwa mlango mmoja, kama abiria wa daladala saa 12 jioni.”

Nikamuuliza, basi kelele ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote? Akasema hapana. Kilichokuwa kibaya kuliko vyote ni neno “nakuja”.

Si unajua tunavyolitumia neno hilo? Nesi anasema “nakuja” huku anaondoka. Sisi wengine tunaelewa: amenisikia, atarudi akipata nafasi. Mume wangu alielewa kwamba mtu anakuja. Akasimama mlangoni kumsubiri. Dakika 10, dakika 20, dakika 50.

“Kaka, rudi kitandani.”

“Amesema anakuja.”

Yakafuata mengine ya aina hiyo. Daktari atakuona sasa hivi. Tutaangalia kesho. Mungu akijaalia utatoka tu. Kwetu hayo ni maneno ya kumtuliza mtu. Kwake kila moja lilikuwa ahadi, akalishika kwa mikono miwili, nalo likakatika.

Siku ya nne wakahamisha vitanda ili wafanye usafi. Hakuna aliyemwambia. Alitoka kuoga akakuta mtu mwingine amelala kwenye kitanda chake. Akachuchumaa ukutani, akaziba masikio, akaanza kujitikisa mbele na nyuma. Maneno hayakutoka. Wahudumu wawili wakamshika. Akiwa katika hali ile, mguso wa mtu ni kama moto, kwa hiyo akawasukuma. Faili likaandika: mkali. Akachomwa sindano, akalala, akaamka kwenye kitanda kipya bila kujua ni siku gani.

Siwalaumu. Walikuwa wachache, wodi imejaa, na waliona mwanaume mrefu anasukuma watu. Walichokuwa hawajui ni kwamba kujitikisa kwake ndiyo dawa yake. Ndivyo anavyojituliza, kama wewe unavyotembea huku na huko ukisubiri majibu ya interview.

Baada ya sindano ile alijifunza jambo moja: ukijitikisa, wanakuja kukushika. Tangu hapo akawa anakalia mikono yake. Asubuhi mpaka jioni, kimya, mikono chini ya mapaja. Manesi wakaniambia, “Dada, anaendelea vizuri, ametulia.” Nikashukuru Mungu. Jamani, nilishukuru! Kumbe ndani alikuwa kama sufuria linalochemka huku mfuniko umekandamizwa.

KOSA LANGU

Sasa nije kwangu mwenyewe.

Saa za kuona wagonjwa zilikuwa saa 10 mpaka saa 11 jioni. Kila siku aliniuliza swali moja: “Natoka lini?” Siku ya tano nilikuwa nimechoka. Mtoto alikuwa na homa, kazini wananitafuta, na daktari alikuwa hajaniambia lolote. Nikamwambia, “Kesho, mpenzi.”

Nilitaka tu kuona uso wake unalegea. Ukalegea kweli.

Siku iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye kitanda kilichotandikwa, viatu miguuni, mfuko wa nguo mapajani. Nesi akaniambia amekaa hivyo tangu saa 12 asubuhi. Hakupiga kelele. Alisema, “Ulisema kesho. Leo ndiyo kesho.”

Baada ya hapo hakuniongelesha siku tatu.

Wengi wetu tumelelewa kwamba mgonjwa hupewa moyo. Unamwambia amependeza wakati amekonda, unamwambia atapona wakati hujui. Tunaona huo ndio upendo. Kwa mume wangu, uongo wangu mdogo ulimnyang’anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho mle ndani, mtu mmoja ambaye akisema jambo, linakuwa. Katika ndoa yetu hakuna ugomvi uliowahi kuniumiza kama ule ukimya.

SWALI LA PILI

Usiku wa tisa aliingia nesi mtu mzima aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Alisoma faili lote kwanza. Halafu akaenda kitandani, na badala ya kumsimamia juu, akavuta kiti akakaa.

“Baba, hizo sauti zinasemaje?”

“Hazisemi kitu. Zinavuma.”

Mama yule akaangalia juu. Akaenda ukutani, akazima taa iliyokuwa juu ya kitanda.

“Na sasa?”

“Imebaki moja.”

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia kesho yake, huku anacheka na machozi yanamlenga. Alikuwa ameandika kwenye daftari la kukabidhiana zamu kwamba mgonjwa wa kitanda kile aitwe jina kabla ya kuguswa. Na alikuwa amemwandikia ratiba kwenye karatasi ya daftari: kuamka, chai, dawa, chakula, saa za kuona wagonjwa. Mstari wa daktari ulisomeka hivi: “Atakuja kati ya saa 3 na saa 7. Zaidi ya hapo sijui.”

Mume wangu anasema mstari ule ndio uliomtuliza kuliko mingine yote. Yule mama hakujifanya anajua.

Jioni ile nilipofika akanyoosha karatasi. “Hapa imeandikwa utakuja saa 10,” akasema. “Umekuja saa 10.” Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku tatu.

Daktari bingwa alipolisoma daftari lile akaomba kuongea na mzazi. Mama mkwe akapanda basi kutoka Tanga. Alikaa naye saa mbili nzima, akaeleza kuhusu mtoto aliyechelewa kuongea, aliyepanga vizibo vya soda kwa rangi kutwa nzima, na aliyelia kila kengele ya shule ilipogongwa. Majibu yakaja: pamoja na sonona na wasiwasi, mume wangu ana usonji. Alikuwa na miaka 36.

KWA NINI HAIKUONEKANA MAPEMA?

Ukisikia usonji unafikiria mtoto. Hata kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, picha nyingi ni za watoto. Lakini watoto wale wanakua, wanaajiriwa, wanaoa na kuolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Na kuchanganywa na magonjwa mengine ya akili ni jambo la zamani. Neno lenyewe linalotumiwa na madaktari lilitungwa na Eugen Bleuler wa Uswisi, na mwaka 1911 alilitumia kueleza hali ya wagonjwa wa skizofrenia. Daktari wa Kirusi, Grunya Sukhareva, alieleza watoto wa aina hii mwaka 1925, Leo Kanner akaandika kuhusu watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika kule Vienna mwaka 1944. Hata hivyo, ni mwaka 1980 tu ndipo kitabu cha vipimo cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoutenga usonji na skizofrenia. Suala la kuumizwa na kelele, mwanga au mguso likaingia rasmi kwenye vigezo vyake mwaka 2013. Kwa hiyo daktari aliyesoma kabla ya hapo huenda hakufundishwa kuuliza kuhusu taa.

Mtoto wa kwanza kwenye orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett wa Mississippi. Mwaka 1937, akiwa bado mdogo sana, wazazi wake walishauriwa wamweke kwenye taasisi mbali na nyumbani. Alikaa huko kama mwaka mmoja, akazidi kunyamaza, mpaka wazazi wakaamua kumrudisha. Unajua alikuja kuwa nani? Mfanyakazi wa benki, mcheza gofu, mtu aliyesafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023, mwaka uleule mume wangu aliolazwa, akiwa na miaka 89.

Wasiwasi nao si jambo la mume wangu peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba asilimia 27 ya watu wazima wenye usonji walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi wakati wanapimwa, na asilimia 42 waliwahi kuwa nao katika maisha yao. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mtoe kwenye kila alichokizoea, muweke mahali penye sura mpya na mlango wa chuma.

Wala tusiseme ni shida ya umaskini wetu. England wana sheria maalum ya usonji tangu mwaka 2009, iliyolenga watu wazima, na bado kuna takriban watu 2,000 wenye usonji au ulemavu wa kujifunza kwenye wodi za akili kule. Kitu kimoja kizuri nilichokiiga kutoka kwao ni “pasipoti ya hospitali”: karatasi fupi inayomweleza mgonjwa kwa nesi ambaye hajawahi kumuona.

MWENZAKO AKILAZWA: MAMBO 7 YA KUFANYA

1. Andika karatasi ya ukurasa mmoja. Nini kinamtisha, nini kinamtuliza, anakula nini, anaonyeshaje maumivu. Omba iwekwe mbele ya faili. Anza na mambo mawili makubwa, maana nesi wa zamu hana muda wa kusoma riwaya.

2. Omba ratiba iandikwe. Kama hakuna, iandike wewe kwa kumuuliza nesi. Usichokijua, andika “sijui”.

3. Usimpe ahadi ya kumfariji. “Sijui utatoka lini, nitamuuliza daktari leo, nitakujibu saa 10” ni faraja kubwa kuliko “kesho”.

4. Punguza kelele na mwanga. Vizibo vya masikio, kofia, shuka lake la nyumbani, fulana yake laini isiyo na lebo. Uliza kwanza kama wodi inaruhusu, na uombe kitanda cha mbali na mlango.

5. Eleza tabia zake za kujituliza. Mwambie nesi: akijitikisa au akipigapiga vidole, mpeni nafasi. Hiyo siyo fujo.

6. Kaa karibu anapoulizwa maswali. Kama swali lina maana mbili, omba liulizwe kwa namna nyingine. Ningesema tu, “Daktari, taa inavuma,” pengine faili lingesomeka tofauti.

7. Usisimamishe dawa wala kumtoa kwa hasira. Hoji, omba maelezo, omba daktari bingwa. Lakini mgonjwa aliyesema hataki kuishi anahitaji uangalizi mpaka hatari ipite.

LEO

Alitoka siku ya 16. Ofisini wamempa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mafaili, na anakipenda kuliko ofisi ya mkurugenzi. Bado ana siku mbaya, bado anahudhuria kliniki, na karatasi yake imekunjwa kwenye waleti nyuma ya kadi ya bima.

Mimi nimebadilisha namna ya kuongea. Siyo rahisi, hasa kwa mtu wa Dar. Juzi nilikuwa natoka kwenda sokoni nikasema kwa mazoea, “Nakuja.” Akaniangalia.

“Saa ngapi?”

“Saa 10 na robo.”

Foleni siku hiyo ikawa mbaya. Nikampigia saa 10 na dakika 5: “Nimekwama, itakuwa saa 11 kasoro kumi.” Akasema sawa, akakata simu. Zamani ningeona ni simu ya kijinga, mtu mzima kumpigia mtu mzima kwa ajili ya dakika 35. Sasa najua simu ile ina uzito gani kwake.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama una mwenzi anayetaka kujua saa ngapi, nani atakuwepo na mtakaa muda gani, usikimbilie kusema anakusumbua. Mjibu. Na kama hujui, mwambie hujui.